Cheti cha mkuu wa shule Texas: mwongozo kwa walimu waliosomea Afrika Mashariki na Kongo

Kwetu mkuu wa shule huteuliwa. Barua inafika, unakabidhiwa ofisi na funguo, na mafunzo ya uongozi yanafuata baadaye nafasi ikipatikana. Texas mambo yamepinduliwa: unasoma kwanza, unafanya mazoezi shuleni, unafaulu mitihani miwili, unapewa cheti, ndipo unaanza kuomba kazi. Hakuna anayekuja darasani kukutafuta. Mwalimu hodari anayesubiri kuonekana anaweza kusubiri mpaka astaafu.

Mwongozo huu ni wa walimu wanaozungumza Kiswahili walioko Houston, Dallas, Fort Worth, Austin na kwingineko Texas, hasa wale ambao vyeti vyao vya kwanza vilitolewa Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo. Wengi wana sifa kuliko wanavyodhani. Wengi pia hulipa ada ya programu kabla hawajajua kama makaratasi yao yanatosha, na hapo ndipo fedha na miaka hupotelea. Kwa sababu hiyo tutakaa kwenye makaratasi muda mrefu kuliko kwenye mitihani.

Cheti chenyewe na masharti yake

Jina rasmi la cheti ni Principal as Instructional Leader. Kinatolewa na SBEC, bodi ya jimbo inayosimamia vyeti vya walimu, na shughuli za kila siku zinafanywa na TEA, wakala wa elimu wa Texas. Kinahusu ngazi zote, kuanzia elimu ya awali hadi darasa la 12, kwa hiyo hakuna cha msingi na cha sekondari. Mkuu msaidizi naye anahitaji cheti hichohicho. Ukiona kitabu cha kujiandaa kwa mtihani namba 068, kiweke kando. Huo ni wa cheti cha zamani ambacho hakitolewi tena.

Masharti ni matano na yote lazima yatimie: shahada ya uzamili kutoka chuo chenye ithibati, cheti halali cha kufundisha darasani, miaka miwili ya kufundisha inayokubalika, kumaliza programu ya maandalizi ya wakuu wa shule iliyoidhinishwa na SBEC, na kufaulu mitihani miwili, namba 268 na namba 368. Unaweza kuanza programu ukiwa bado unakusanya baadhi ya hayo, maana programu nyingi hupokea mwenye shahada ya kwanza. Ila cheti hakitoki hadi la tano litimie.

Kuna milango ya pembeni. Shule za chata, ambazo zinaendeshwa kwa mkataba na jimbo, hazilazimiki kuajiri mkuu mwenye cheti hiki, na baadhi ya wilaya za shule zimejiondoa kwenye sehemu ya masharti ya vyeti kwa kutumia sheria ya 2015 ya wilaya za ubunifu. Shule binafsi zina utaratibu wao. Kazi za aina hiyo zipo na si vibaya kuzichukua, lakini siku ukitaka kuhamia wilaya inayodai cheti utakuta bado uko mwanzo.

Makaratasi ya nyumbani

Kabla ya kuzungumza na programu yoyote, tafuta tathmini ya vyeti vyako. TEA ina orodha ya mashirika inayoyakubali kutathmini elimu ya nje. Tumia shirika lililo kwenye orodha hiyo, si lile ambalo jirani alilitumia kwa maombi ya uhamiaji. Agiza tathmini ya kozi kwa kozi, yaani ile inayoorodhesha kila somo, saa zake na alama yake, kisha inatoa wastani kwa mizani ya Marekani. Tathmini fupi inayosema tu "shahada hii ni sawa na ile" ni ya bei nafuu, na utarudishwa nayo.

Hapa kuna mambo manne yanayowakwamisha watu wetu.

La kwanza ni ngazi ya cheti. Cheti cha ualimu Daraja A cha Tanzania na kile cha P1 cha Kenya si shahada, hata kama umefundisha nacho miaka 15. Stashahada nayo haifiki. Kwa Kongo, graduat ya miaka mitatu mara nyingi huhesabiwa kuwa sehemu tu ya shahada ya kwanza. Licence ya miaka mitano katika mfumo wa zamani ndiyo kwa kawaida hupewa hadhi ya shahada ya kwanza. Diplôme d'État ni cheti cha kumaliza sekondari, usikitume kama cha chuo kikuu.

La pili ni stashahada ya uzamili katika elimu, ile ya mwaka mmoja ambayo wengi huifanya baada ya shahada isiyo ya ualimu. Jina lina neno "uzamili" na watu hudhani wameshamaliza sharti la kwanza. Hawajalimaliza. Texas inataka shahada ya uzamili kamili. Habari njema ni kwamba haijalazimisha iwe ya uongozi wa elimu: M.A. ya Kiswahili, ya historia au ya lugha inaweza kutosha ikitathminiwa kuwa sawa na ya Marekani, mradi umalize programu ya maandalizi kando. Mwenye shahada ya namna hiyo ana njia fupi, na tutaifikia.

La tatu ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi Juma Salehe, transkripti inasema Mwanaidi J. Salehe, pasipoti ina Salehe peke yake kama jina la ukoo, na kadi ya hifadhi ya jamii imegeuza mpangilio. Kwa Wakongo post-nom, yaani jina linalofuata jina la ukoo, huruka kutoka nafasi moja hadi nyingine. Kila tofauti ni swali, na kila swali ni wiki kadhaa za barua pepe. Amua mapema jina litakaloandikwa kwenye akaunti ya TEA, liwe lile lile la kitambulisho utakachoonyesha kwenye chumba cha mtihani, kisha andaa kiapo au hati ya ndoa inayoeleza tofauti zilizopo.

La nne ni transkripti. Shirika la tathmini kwa kawaida linataka chuo kiitume chenyewe, ndani ya bahasha iliyofungwa na muhuri au kwa mfumo wa chuo wa mtandaoni. Nakala iliyothibitishwa na wakili mara nyingi haikubaliwi. Kwa hiyo unahitaji mtu wa kufuatilia kwa msajili wa chuo, mwenye barua yako ya idhini na nakala ya kitambulisho chako. Mpe miezi mitatu. Nyaraka za Kifaransa zinahitaji tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri asiwe wewe mwenyewe wala ndugu yako.

Neno juu ya wastani wa alama. Programu haziruhusiwi kwa kawaida kupokea mtu mwenye wastani chini ya 2.5 kwa mizani ya 4. Wastani wa Tanzania unaotolewa kwa mizani ya 5 si huo. Usijibadilishie mwenyewe kwa kugawa na kuzidisha kwenye fomu. Acha shirika lifanye, na uandike walichoandika wao. Mara nyingi matokeo yao huwa mazuri kuliko hesabu ya mtu binafsi, kwa sababu wanasoma alama kwa namna chuo chenyewe kinavyozitafsiri.

Kisha kuna Kiingereza. Aliyesoma kwa lugha nyingine anaweza kutakiwa kuleta TOEFL iBT, na viwango vilivyomo kwenye kanuni ni 24 kuzungumza, 22 kusikiliza, 22 kusoma na 21 kuandika, kwa ile mizani ya 0 hadi 30 kwa kila stadi. Kuzungumza ndiko kuna kiwango cha juu zaidi, na ndiko wengi huangukia wakiwa wamefaulu kuandika vizuri sana. Kama chuo chako kilifundisha kwa Kiingereza, uliza programu kabla ya kulipia mtihani, maana kuna msamaha kwa waliosomea nchi zilizo kwenye orodha ya kanuni.

Cheti cha kufundisha na miaka miwili

Usajili wako wa TSC ya Kenya au utumishi wako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya Tanzania haufanyi kazi ya cheti cha Texas. Unaweza hata hivyo kuutumia kama ngazi. Mwalimu mwenye leseni ya nchi nyingine anaweza kuomba TEA ipitie vyeti vyake, akiambatisha tathmini ya kozi kwa kozi na barua ya mamlaka iliyomsajili inayosema kuwa yuko katika hadhi nzuri kazini. Akikubaliwa hupewa cheti cha mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo anafanya mitihani ya ualimu. Kumbuka kwamba cheti hicho cha mwaka mmoja hakitoshi kwa ukuu wa shule. Kinachotakiwa ni cha kawaida, yaani kile kinachohuishwa kila baada ya miaka mitano, au vile vya zamani vya Texas vya aina ya provisional na vya maisha. Neno provisional linawapoteza wengi: hapa ni jina la cheti cha kale cha Texas, halimaanishi cha muda.

Miaka miwili ya kufundisha nayo ina tafsiri yake. Sheria ya elimu ya Texas inamtambua mwalimu wa darasa kuwa ni yule anayefundisha wastani wa saa nne kwa siku au zaidi, na inamtoa waziwazi msaidizi wa mwalimu. Hili linawauma watu wetu kuliko jingine lolote. Wengi waliokuja kama wakimbizi walianza kazi shuleni kama wasaidizi wa darasani au wakalimani wa wanafunzi wapya, wakafanya kazi kubwa ya kufundisha kwa miaka mitano au sita, na hakuna hata mwaka mmoja wa huo unaohesabiwa. Ukiwa katika nafasi hiyo, usiahirishe cheti cha ualimu kwa matumaini kwamba miaka itajumlishwa baadaye.

Mwaka mmoja unaokubalika ni angalau siku 90 za kazi ya muda wote au siku 180 za nusu muda. Uthibitisho wake ni rekodi ya utumishi, fomu ambayo kila wilaya ya shule hujaza na kuweka sahihi. Unapohama wilaya, ondoka na nakala yako. Miaka uliyofundisha nyumbani inaweza kuhesabiwa kama shule ilikuwa inatambuliwa na serikali, mradi mwajiri wa kule athibitishe tarehe ya kuanza na kumaliza, idadi ya siku, kiwango cha muda na somo ulilofundisha. Barua ya pongezi yenye maneno "alikuwa mchapakazi na mwadilifu" haina lolote kati ya hayo. Mtumie mwajiri jedwali tupu lenye safu zilizo tayari, ajaze tarehe na siku na agonge muhuri. Ukimwachia aandike barua kwa mtindo wake utapata sifa bila hesabu.

Kuchagua programu

Njia ziko mbili. Asiye na shahada ya uzamili huenda chuo kikuu kinachotoa shahada ya uongozi wa elimu pamoja na maandalizi ya cheti. Atatoka na vyote viwili. Mwenye shahada ya uzamili tayari asirudi kuisoma upya. Atafute programu ya cheti peke yake, ambayo hutolewa na vyuo vingi na pia na baadhi ya vituo vya huduma za elimu vya kanda. Texas ina vituo hivyo 20, kwa mfano Region 4 kwa eneo la Houston, Region 10 na Region 11 kwa upande wa Dallas na Fort Worth. Tofauti ya gharama ni ya maelfu ya dola.

Angalia hadhi ya programu kwenye tovuti ya TEA kabla ya kulipa. Kila programu hupimwa kila mwaka, na inaweza kuwa na ithibati kamili, kuonywa, au kuwekwa chini ya uangalizi. Usikubali neno la msajili kwamba "tumeidhinishwa"; tafuta jina la programu mwenyewe na uhakikishe imeidhinishwa kwa daraja la mkuu wa shule, kwa sababu programu inaweza kuwa na idhini ya walimu tu. Waliovutwa na shahada ya uongozi wa elimu ya mtandaoni kutoka chuo cha jimbo jingine hugundua wakiwa wamechelewa kwamba shahada ni halali lakini chuo hakiwezi kuwapendekeza SBEC.

Maswali ya kuuliza kwa maandishi, na kuhifadhi majibu: nani atanitafutia shule ya mazoezi, ninyi au mimi? Mnatoa ruhusa ya mtihani baada ya hatua gani? Nikifeli 368, mnanisaidia kwa ada ileile au nalipa upya? Jibu la swali la pili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu huwezi kujiandikisha kwa mitihani bila ruhusa ya programu, na programu zingine hudai kwanza ufaulu mitihani yao ya majaribio.

Mwenye viza ya J-1 ya ualimu ajue kwamba viza hiyo ni ya kufundisha. Anaweza kusoma, ila kazi ya utawala haimo ndani yake.

Saa 160 shuleni

Kanuni inadai angalau saa 200 za masomo na saa 160 za mazoezi ya vitendo. Mazoezi hayawezi kufanyika yote wakati wa likizo ya kiangazi, kwa sababu shule isiyo na wanafunzi haikufundishi kuiongoza. Utakuwa na wasimamizi wawili. Mmoja yuko shuleni, kwa kawaida mkuu wako, mwenye cheti na uzoefu wa angalau miaka mitatu. Wa pili hutumwa na programu. Atakuangalia ukifanya kazi angalau mara tatu, mara moja katika kila theluthi ya kipindi, kwa jumla ya dakika zisizopungua 135. Mwisho wote wawili wanatakiwa kukupendekeza.

Kinachoharibika hapa ni aina ya saa. Mwalimu anayesimamia foleni ya mabasi, zamu ya chakula cha mchana na mechi za Ijumaa anafikisha saa 160 upesi sana, na hana chochote cha kuandika kwenye PASL, yaani mtihani namba 368. Kaa na mkuu wako kabla ya muhula kuanza ukiwa na karatasi moja. Omba nafasi katika kazi hizi: kuchambua matokeo ya mtihani wa jimbo wa STAAR kwa darasa fulani, kuongoza kikao cha timu ya walimu, kushuhudia mahojiano ya ajira, kukaa kwenye kikao cha mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu, na kupitia bajeti ya shule. Andika saa zako siku ileile: tarehe, kuanza, kumaliza, kazi, nani alikuwepo. Mtu anayejaza daftari la muhula mzima siku ya mwisho huandika saa mbili mbili zinazofanana, na msimamizi yeyote mzoefu huliona hilo akiwa bado ukurasa wa kwanza.

Kiswahili chako kina nafasi hapa. Shule yenye familia kutoka Kongo, Burundi au Tanzania mara nyingi ina tatizo halisi ambalo hakuna aliyewahi kulishika vizuri: wazazi hawaji kwenye vikao, barua zinatumwa kwa Kiingereza na Kihispania tu, watoto wanapangiwa madarasa bila historia ya masomo yao. Hilo ni tatizo la uongozi lenye data, na unalielewa kutoka ndani.

Mtihani 368, yaani PASL

Huu hauketi chumbani kuufanya. Ni kazi tatu unazozifanya kwenye shule halisi, unaziandikia, unaambatisha ushahidi, kisha unazituma kwa ETS, shirika linaloendesha mtihani huu, ndani ya dirisha la tarehe lililotangazwa. Ada yake iliyotangazwa ni dola 375. Panga uifanye wakati wa mazoezi, maana ukishatoka hapo utakuwa huna timu, huna data na huna ruhusa.

Kazi ya kwanza ni kutatua tatizo shuleni. Kosa kuu ni kuchagua tatizo kubwa kuliko miezi mitatu. "Mahudhurio ya shule nzima" ni kubwa mno. "Wanafunzi wapya wa darasa la 9 wanaokosa kipindi cha kwanza cha algebra Jumatatu na Ijumaa" linabebeka: lina idadi, lina chanzo unachoweza kukiuliza, lina hatua utakayoichukua na lina kipimo cha baadaye.

Kazi ya pili ni kuwaendeleza walimu kitaaluma. Unaonyesha hitaji, unaandaa mafunzo, unayaendesha, unawafuata baadhi ya walimu hadi darasani kuona kama walichojifunza kimetumika, na unaeleza ulibadilisha nini kutokana na ulichoona. Wengi huandika ukurasa mzuri kuhusu semina na mistari miwili kuhusu kilichotokea darasani baada ya semina. Alama ziko kwenye ile mistari miwili.

Kazi ya tatu ni kujenga ushirikiano wa timu, na hii ina video ya dakika 15. Tuiangalie kwa karibu, kwa sababu video nyingi huanguka kwa mambo madogo. Kila anayeonekana au kusikika lazima awe amesaini fomu ya ruhusa kabla ya kurekodi. Chumba kiwe kidogo chenye zulia. Maktaba na ukumbi wa chakula vinarudisha mwangwi. Simu iwekwe kwenye kishikizo katikati ya meza kwa upande mmoja, usawa wa macho, si juu ya kabati. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, usikie kama mtu aliyekaa mbali kabisa anaeleweka. Zima kiyoyozi kama kinanguruma. Kisha kwenye kikao chenyewe, usihutubie. Wasahihishaji wanatafuta jinsi unavyouliza, unavyomrudishia mtu hoja yake, unavyoshughulikia tofauti ya maoni, na jinsi timu inavyofikia uamuzi. Mwenye malezi ya heshima za kwetu huwa anaongea yeye na wadogo wanasikiliza. Kwenye kamera hiyo inaonekana kama timu isiyokuwepo.

Katika kazi zote tatu, tumia "mimi" unapoeleza ulichofanya. Kwetu kusema "tulifanya" ni adabu. Msahihishaji hakujui wala haoni shule yako. Akikuta "tulichambua, tuliamua, tulitekeleza" hawezi kujua kazi yako iko wapi, na hawezi kukupa alama kwa kazi ya kikundi. Futa pia majina yote ya wanafunzi, walimu, shule na wilaya kwenye maandishi na kwenye kila kiambatisho, pamoja na yale yaliyo kwenye kichwa cha barua na kona ya picha ya skrini.

Mtihani 268

Huu ni wa kompyuta, kwenye kituo cha mtihani, na ada yake iliyotangazwa ni dola 116. Miadi ni ya saa 5, dakika 15 kati ya hizo ni za maelekezo. Una maswali 70 ya kuchagua na manne ya kuandika. Alama ya kufaulu ni 240 kwa mizani ya 100 hadi 300.

Gawanya muda hivi: dakika 285 ulizonazo, toa dakika moja na nusu kwa kila swali la kuchagua, ni dakika 105. Zinabaki 180, sawa na 45 kwa kila swali la kuandika. Watu wengi hutumia saa tatu na nusu kwenye ya kuchagua halafu wanaandika majibu manne kwa saa moja na robo, nao ndio wanaokosa alama chache tu kufaulu. Maswali ya kuandika hayakubali mbio: unapewa nyaraka za shule, kama matokeo ya mtihani, majibu ya dodoso la walimu au muhtasari wa kuangalia somo, nawe unataja tatizo, unalithibitisha kwa namba zilizo kwenye nyaraka, unapendekeza hatua na kueleza sababu. Soma swali, hesabu linadai vitu vingapi, na ujibu kila kimoja kwa aya yake. Jibu lenye Kiingereza cha kawaida linalotaja namba tatu kutoka kwenye jedwali lina thamani kuliko insha nzuri isiyogusa jedwali.

Kuna maeneo sita, na matatu ya kwanza, yaani utamaduni wa shule, kuongoza ufundishaji na kusimamia watumishi, ndiyo yenye uzito. Usijichoshe na bajeti na sheria kana kwamba ni nusu ya mtihani. Tabia moja ya maswali haya inawashangaza waliozoea mfumo wetu: panapokuwa na chaguo la kutoa agizo na chaguo la kukusanya data pamoja na timu ya walimu kisha kuamua, la pili mara nyingi ndilo jibu, isipokuwa pale usalama wa mtoto unapohusika. Hapo chukua hatua mara moja na utoe taarifa.

Kila mtihani una mwisho wa majaribio matano, na unasubiri siku 30 kabla ya kurudia. Ukifeli mara mbili, simama. Chapisha ripoti ya alama kwa kila eneo, ipeleke kwa programu, na urekebishe hapo palipo chini.

Kuomba cheti

Ukishafaulu na kumaliza mazoezi, unaingia kwenye mfumo wa vyeti wa TEA kwa akaunti yako, unachagua ombi la cheti cha kawaida, unachagua jina la programu yako na unalipa ada iliyo chini ya dola 100. Programu nayo inaingia upande wake na kukupendekeza. Ombi lisilo na pendekezo linalala tu. Baada ya wiki mbili piga simu kwa programu, si TEA. Chagua programu sahihi kwenye orodha, maana vyuo vyenye matawi vina majina yanayokaribiana. Alama za vidole za zamani ulizotoa kwa cheti cha ualimu kwa kawaida zinatosha. Aliye na kesi ya jinai popote pale, hata ile aliyosamehewa, aombe tathmini ya awali ya historia yake TEA kabla hajalipa ada ya masomo.

Cheti kikitoka bado hutaweza kuwatathmini walimu. Wilaya nyingi zinatumia T-TESS, mfumo wa jimbo wa kutathmini walimu wenye vipengele 16 katika maeneo manne, na anayetathmini lazima awe na sifa yake: mafunzo ya siku tatu ya T-TESS na mtihani wa mtandaoni, baada ya mafunzo mengine ya siku tatu yanayoitwa AEL. Vituo vya kanda vinayatoa. Nafasi hujaa kuelekea mwezi wa Saba, na tangazo la kazi ya mkuu msaidizi mara nyingi huyataja, kwa hiyo yafanye kabla ya kuanza kuomba kazi.

Cheti hudumu miaka mitano na kuhuishwa mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Unatakiwa kuwa na saa 200 za mafunzo endelevu. Cheti cha ualimu kinadai 150, lakini mwenye vyote viwili hajumlishi kuwa 350. Saa 200 zinabeba vyote. Hakuna anayekutunzia kumbukumbu. Fungua folda moja kwenye simu siku cheti kinapotoka, na kila hati ya semina uipige picha kabla hujatoka ukumbini.